Kitabu Kimoja, Kifaa Kimoja

Sogeeni, jamani. Anayetaka kucheka leo aende kwa jirani, huko kuna ngoma. Mimi nina fundo lililonishinda, nimelileta kwenu mlifungue. Sharti langu ni moja tu: asijibu mtu kabla sijamaliza. Nawajua nyinyi. Nikimtaja mtoto wa kwanza mtasema, "Huyo huyo, mpe!" Nikifika kwa wa tatu mtakuwa mmeshikana mashati.

Palikuwa na shule moja ya msingi huko kusini, nchi ya mikorosho, na ndani ya shule hiyo palikuwa na kitengo cha wasioona. Usidhani ni jumba kubwa. Ni chumba kimoja cha darasa, bweni lenye vitanda vingi vitupu, na mwalimu mmoja, Mwalimu Nandule, ambaye naye haoni tangu utotoni. Zamani kitengo kilijaa. Mwaka huo walibaki watoto watatu, wote darasa la sita, na kila mmoja alikuwa na chake alichojaliwa.

Wa kwanza ni Somoe. Alizaliwa haoni, Mungu akamfidia kwenye vidole. Mnayajua maandishi ya nukta nundu? Ni vinundu vidogo kwenye karatasi nene. Asiyeona hupitisha vidole juu yake akasoma. Sasa, vinundu hivyo vikipitiwa na vidole vya watoto wa miaka na miaka, hulala. Hubaki karibu sawa na karatasi yenyewe. Pale wenzake waliposema hapana kitu, Somoe alisoma. Hata Mwalimu Nandule akikwama alimwita, "Hebu njoo, chanda chema, nisaidie hapa." Na msichana mwenyewe alikuwa na maringo na vidole vyake, sikufichi. Kila jioni alivipaka mafuta ya nazi. Jikoni kwenye sufuria za moto hakusogea. Wakimwita mvivu, anacheka.

Wa pili ni Mfaume, naye haoni kabisa. Yeye alijaliwa kichwa. Jambo akilisikia mara moja limekwisha kukaa. Siku ya mahafali mgeni rasmi alihutubia mpaka watu wakasinzia. Jioni bwenini Mfaume akaitoa hotuba nzima, neno kwa neno, na kikohozi cha mgeni mahali pake. Tena alikuwa na mikono myepesi kwenye kompyuta mpakato ya kitengo, ile iliyozeeka ambayo betri yake haikai na moto.

Wa tatu ni Asnath, mwenye uoni hafifu. Jicho la kushoto lilikwisha kufa. La kulia lilibaki na mwanga kidogo, kiasi kwamba akibandika pua kwenye ukurasa aliweza kuona picha, maandishi madogo hapana. Alikuwa na presha ya macho, ana dawa yake ya matone na kliniki yake ya kila mwezi. Na alikuwa na siri ambayo wenzake waliijua, mwalimu hakuijua: nukta nundu alizisoma kwa jicho. Anaiinamisha karatasi dirishani, kivuli cha vinundu kinatokea, anasoma mbio kuliko wote. Somoe alimwonya mara nyingi.

"Vifundishe vidole, mwenzangu."

"Vidole vya nini, na jicho lipo?" ndivyo alivyomjibu.

Siku moja akaja mgeni kutoka mjini, Bwana Lugendo, mtu wa asasi inayosaidia shule za wasioona. Alileta kifaa ambacho hawajapata kukigusa. Ni kibao cha plastiki, ukubwa wake kama kitabu cha hadithi, na ukingoni kina mstari mmoja wa matundu. Ukibonyeza, visindano vinachomoza kwenye matundu vikawa nukta nundu. Ukibonyeza tena vinazama, vinapanda vingine, umeendelea na mstari unaofuata. Kitabu ambacho kwa karatasi ni majuzuu manne ya kubebwa kichwani kinaingia humo, na vingine mia juu yake.

Somoe aliweka vidole, akavipitisha mstari mzima. Vinundu vilikuwa vigumu, vikali, kila kimoja mahali pake.

"Havijalala," akasema. Ikawa tangu hapo hana analolitaka duniani isipokuwa kile kifaa. Mama yake alikuwa amekwisha kumwambia wazi: ukifeli la saba, mwanangu, unarudi kukaa nyumbani. Kukaa, ndiyo. Barazani, asubuhi mpaka jioni, kusubiri kuitwa chakula.

Lakini Bwana Lugendo aliwaambia ukweli wote. Kifaa kinakuja kitupu. Kitabu cha Sayansi cha darasa la saba hakijapata kutengenezwa kwa nukta nundu za kidijitali, na asasi haina watu wa kukitengeneza.

"Kitengenezeni nyinyi," akasema. "Kiwe kizima, na maelezo ya picha zote, kisikose hata sura moja. Tutakigawa nchi nzima. Na sisi masharti yetu ni hayo kwa kila shule: kitabu kimoja, kifaa kimoja. Tena kinakabidhiwa mwanafunzi mmoja kwa jina lake. Tukija kukagua tukakuta kimelala hakisomwi, tunakichukua, tunampa mwingine."

"Kimoja tutasoma kwa zamu," Mwalimu Nandule akawaambia mgeni alipoondoka. "Mnaishi bweni moja, mnakaa darasa moja, shida iko wapi? Kidole kimoja hakivunji chawa. Likizo ya Juni hamwendi nyumbani. Tunafanya kazi."

Najua kuna mtu hapo anataka kuniuliza, mbona wenye macho wasiwasomee? Walijaribu, bwana. Wakasoma siku ya kwanza, ya pili wakaenda mpirani. Halafu shule ikafungwa, wakaondoka. Likizo hiyo walibaki wao watatu, mwalimu wao asiyeona, na matroni ambaye alikuwa na kazi zake.

Basi kazi ikagawanywa. Shuleni palikuwa na nakala moja ya zamani ya kitabu hicho kwa nukta nundu za karatasi, majuzuu manne, vinundu vimelala vyote. Somoe angesoma kwa sauti, Mfaume angechapa. Picha hazimo kwenye nukta nundu, kwa hiyo Mwalimu Mkuu akaazima kitabu cha wenye macho, mwisho wa likizo kirudi, na Asnath angeeleza picha kwa maneno. Sehemu kubwa ikaenda vizuri. Juzuu la kwanza likaisha, la pili likaisha. Walipokwenda stoo kuchukua la tatu, halipo. Somoe akasoma kwanza la nne, huku la tatu likitafutwa.

Mtunza stoo hakuwa mtu mbaya. Aliulizwa, akajibu bila wasiwasi wowote.

"Yale makaratasi manene? Niliwapa kina mama wanaobangua korosho, watandike. Zilikuwa karatasi tupu, Mwalimu, nyeupe kabisa. Hazina hata tone la wino!"

Eti mwenye macho haambiwi tazama! Mwalimu Nandule alikaa chini palepale kwenye sakafu ya stoo.

Sasa sikilizeni alichokifanya Somoe.

Watoto walikwenda mpaka kwa wabanguaji. Mkubwa wao, Bi Nachisale, alisikitika sana alipoelezwa, akaziokota karatasi moja moja chini ya chungu za maganda. Zilikuwamo zote, lakini zimelowa mafuta ya ganda. Nyinyi wa bara mnaila tu korosho, hamjui. Ganda lake lina mafuta meusi, yananata, na yakikaa kwenye ngozi yanaiunguza. Ndiyo maana wabanguaji hupaka majivu mikononi kabla ya kuanza.

"Shikamoo, bibi, tunashukuru," Somoe akasema, na mikono imekwisha kunyooka kuzipokea.

"Marahaba, mjukuu wangu. Paka majivu kwanza. Haya mafuta hayana huruma."

Akapaka majivu. Akajaribu kusoma. Hakuna kitu, majivu yamejaza kila nundu. Wakamtafutia glavu, ikawa vilevile. Asnath akajaribu kwa jicho, lakini nundu zilizolala hazitoi kivuli. Wakaziosha karatasi mbili kwa sabuni, nundu zikayeyuka pamoja na uchafu. Basi Somoe akanawa majivu, akaomba zile karatasi nyingine zisiguswe, akaziwekea vidole vitupu.

Mfaume alikuwa anachapa. Siku ya kwanza alisikia sauti ya mwenzake ikisita. Siku ya pili akasikia akivuta pumzi kwa meno.

"Somoe, vinauma?"

"Haviumi. Chapa."

"Acha tumwambie Mwalimu."

"Ukimwambia atanikataza, na juzuu halitaisha. Sura ya mimea. Umeandika mpaka wapi, rudia nikusikie."

Alisoma akibadilisha vidole. Cha shahada kikivimba anatumia cha kati, cha kati kikivimba anahamia mkono wa kushoto. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, akaendelea na vile vilivyobaki, mpaka ukurasa wa mwisho. Zile mbili zilizooshwa alikuwa amezipitia haraka zikiwa zimelowa maji, kabla nundu hazijaisha, na maneno yake aliyakumbuka. Kisha akaenda kwa matroni na kunyoosha mikono, na matroni akapiga ukelele. Zahanati walimfunga bandeji. Ngozi itarudi, mganga akasema. Kuhusu hisia, akasema tusubiri. Ngozi ilirudi kweli, ila nene na ngumu, na juu yake Somoe hakusikia tofauti ya nukta na meza.

Sasa sikilizeni alichokifanya Asnath.

Alilala juu ya kile kitabu cha wenye macho kama anayetafuta sindano. Picha moja asubuhi, nyingine mchana. "Mbegu ya haragwe imepasuliwa katikati," anamsomea Mfaume. "Ndani upande wa juu kuna kitu kidogo kimejikunja, kina majani mawili madogo kama ulimi. Mshale unaonyesha hapo." Na ilikuwa raha kumsikia, maana alieleza mpaka asiyeona akaona. Siku ya kliniki ikafika. Baba yake akaja na baiskeli.

"Twende, mwanangu, gari la kliniki linapita leo tu."

"Baba, kitabu kinarudi wiki ijayo, na sijafika nusu. Nitakwenda mwezi ujao."

"Na dawa je?"

"Ipo," akasema. Haikuwapo. Chupa ilikuwa kavu siku nyingi.

Mwezi uliofuata mvua isiyo ya msimu iliharibu njia, gari la kliniki halikuja. Picha zilikuwa zimekamilika zote, moyo wa binadamu na mishipa yake, mzunguko wa maji, mpaka ile ndogo ya mwisho ya betri na waya. Asubuhi moja Asnath aliamka akamwita matroni.

"Matroni, nani kafunga madirisha?"

Madirisha yalikuwa wazi. Matroni akamshika mkono tu, na Somoe aliyekuwa kitanda cha pili akajua. Walilia pamoja, mmoja hana macho, mwingine hana vidole, na baba wa watu alipokuja akalia kuliko wao. Presha ya macho ikishachukua hairudishi.

Na Mfaume? Msidhani alikaa tu kwenye kiti.

Siku kitabu kilipokamilika, sura zote na picha zote, umeme ulikatika. Betri ya ile kompyuta haikukaa hata kidogo. Umeme uliporudi, wakawasha, faili halifunguki. Fundi kutoka mjini alijaribu, akasema limekufa. Lililokuwamo kwenye flashi ni juzuu la kwanza peke yake. Na karatasi za mafuta zilikwisha kutupwa shimoni, kitabu cha wenye macho kimerudi, vidole vya Somoe vimekwisha na nukta zilizolala hapana mwingine wa kuzisoma vizuri, jicho la Asnath limekwisha.

Mwalimu Nandule akasema, "Basi, wanangu. Tumejitahidi. Mungu hakupenda."

"Mwalimu, niachieni mimi," Mfaume akasema. "Nilikisikia chote."

Akakaa. Akachapa juzuu la pili, la tatu na la nne kutoka kichwani, na maelezo ya kila picha kama Asnath alivyoyasema, na mahali Asnath alipojisahihisha akasahihisha. Aliacha kucheza, akaacha kuongea ovyo, akiogopa neno jipya lisije likasukuma la zamani. Mtu akimsalimia haitikii. Walimwona ana kiburi, kumbe amebeba maji yaliyojaa anaogopa kumwaga. Alipomaliza, Mwalimu Nandule alilinganisha na juzuu la nne lililokuwapo bado, pale vidole vyake vilipoweza kusoma. Hapakupungua kitu.

Kitabu kikatumwa. Bwana Lugendo akajibu kwamba ni kizuri kuliko vyote walivyopokea, na kabla mwaka haujaisha akaja na kifaa chao, kipya, ndani yake kitabu chao na vile vilivyotengenezwa na shule nyingine.

Siku hiyohiyo, jamani. Siku hiyohiyo Mwalimu Mkuu naye akaja na habari. Kitengo kinafungwa. Watoto watatu hawatoshi kuwa kitengo, wakubwa wameamua. Januari kila mtoto aende shule iliyo karibu na kwao. Kwa kina Somoe ni ng'ambo ya milima, kwa kina Mfaume ni mpakani mtoni, kwa kina Asnath ni pwani. Na katika shule hizo zote hapana mwalimu anayejua nukta nundu, wala karatasi yake moja.

Ile habari ya kusoma kwa zamu ikafia hapo. Kitabu wangeweza kunakiliwa wote watatu, lakini kitabu bila kifaa ni kisima bila ndoo.

Bwana Lugendo alikuwa na huruma, ila hakuwa na kifaa cha pili. "Mwalimu, taja jina moja niandike," akasema. "Dereva ananisubiri, njia ni mbaya."

Mwalimu Nandule akakiweka kifaa mezani, akawakalisha watoto wakakizunguka. "Semeni wenyewe," akasema. "Sitaki mtu aogope."

Asnath alianza. "Nyinyi mmezaliwa hivi. Mimi nimeingia gizani juzi, na vidole vyangu havijui hata herufi ya kwanza, nilivinyima mwenyewe. Nikienda nyumbani bila kifaa nitajifunzia wapi? Nitakuwa sijui kusoma, mimi niliyekuwa nasoma mbio kuliko wote."

"Ukaguzi ukija utakuwa umeshajua?" Mfaume akamuuliza, kwa upole, si kwa kumkebehi. "Wakikuta bado hujui watakichukua, tutakikosa sote. Katika sisi watatu anayeweza kukisoma kesho asubuhi ni mimi. Mnaona haya kusema, nasema mimi."

"Lakini wewe kitabu unacho kichwani!" Asnath akapandisha sauti. "Unakitakia nini?"

"Ninacho kimoja. Cha Hesabu sinacho, cha Jiografia sinacho. Nisiposomewa na mtu, mimi ni sanduku tupu kama mwingine yeyote. Halafu..." akasita. "Halafu mnadhani sijui? Mmetoa macho na vidole, mimi sikutoa kitu kinachoonekana. Nalala nayo hiyo kila siku. Lakini nikikataa kwa aibu nitakuwa nimesaidia nani?"

Mwalimu Nandule akageuza uso upande wa Somoe. "Na wewe, mama, mbona kimya?"

Somoe alikuwa na mengi. Alitaka kusema kwamba bila yeye juzuu la tatu lingekuwa takataka chini ya maganda. Alitaka kusema anakitaka kile kifaa mpaka kifua kinauma, na kwamba Mfaume amesema kweli na anamchukia kwa kusema kweli. Akanyoosha mkono, akagusa mstari wa visindano kwa vidole vyote, kimoja kimoja. Hakusikia chochote. Wenzake walisikia tu kucha zikikwaruza plastiki.

Ndipo akafanya jambo ambalo pale chumbani aliliona Bwana Lugendo peke yake. Alikiinua kifaa mpaka usoni, akaweka mdomo wa chini juu ya visindano, akausogeza taratibu kutoka kushoto. Akarudi. Akasogeza tena. Machozi yalimdondoka juu ya kibao, akayafuta kwa kiwiko asije akakiharibu.

"Somoe, unafanya nini?" Asnath akauliza.

"Nasoma," akasema. "Mbe. Gu." Akarudia mstari. "Mbegu. Imeandikwa mbegu."

Neno moja lilimchukua muda ambao Mfaume angemaliza ukurasa. Mwalimu Nandule alinyoosha mkono, akakipokea kifaa kutoka mikononi mwake kikiwa bado na joto la mdomo, akakishikilia kifuani. Nje dereva amewasha gari. Bwana Lugendo kashika kalamu, analisubiri jina, na jina halitoki.

Hapo ndipo lilipofika fundo langu, na ndipo mimi nilipokwama. Mtoe Somoe, kitabu kina shimo katikati. Mtoe Asnath, hakina picha. Mtoe Mfaume, hakipo kabisa. Mmoja anaweza kukisoma leo. Mwingine asipokipata hatasoma tena maisha yake yote. Mwingine amekwisha kuanza, neno kwa neno, kwa mdomo. Mlionyamaza mlikuwa na haki ya kunyamaza. Na wewe uliyetaka kunijibu tangu mwanzo, simama sasa tukusikie: ungekuwa Mwalimu Nandule, kifaa ungemkabidhi nani, na wale wawili waliobaki ungewaambia nini?